Jirani na Chumba cha Wasichana Wawili

Nikianza na mikono yake nitakuwa nimemsifu mapema mno, na bado sijawa tayari. Wacha nianze na ulimi.

Jirani alizungumza Kiswahili alichokiokota mnadani Garsen, katikati ya ng'ombe na madalali, na alikitumia kama fimbo inavyotumika kule: kifupi, kikavu, na lazima kikufikie. Ngeli hakujisumbua nazo. Kwake kila kitu kilikuwa "iko" au "hapana". Mimi Kiswahili changu nilikisomea. Miaka mitatu nilikwenda shule ya jioni, nimekalia dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yamegusa masikio, nikatoka na cheti ambacho nikikitandaza uwanjani ndege inaweza kutua juu yake. Naweza kusema "aidha" na "ilhali" bila kutoka jasho. Lakini tukisimama mbele ya watoto, mimi na ilhali yangu, yeye na iko yake, watoto walimsikiliza yeye. Hilo ndilo la kwanza lililoniuma. Yapo mengine kama elfu mbili hivi, nitataja machache.

Yeye alikuwa Morma, mama wa ng'ombe. Mimi ni Mpokomo, mtoto wa mashamba ya mpunga na migomba kando ya mto. Wazee wetu waligombania maji na malisho mpaka wakachoka. Sisi tuligombania msichana mmoja wa miaka kumi, na sijui kama kuna siku hata mmoja wetu alichoka.

Alikuwa hasifu kiumbe anayempenda. Ndama akizaliwa wa kung'aa, mwenye macho kama ya bi harusi, Jirani atamtazama, atatema mate kando, aseme, "Mbaya hii." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Aliogopa macho ya watu, na zaidi aliuogopa mdomo wake mwenyewe. Mtoto mchanga aliyempendeza aliitwa uchafu. Mwanawe wa pekee, mwanamume mrefu aliyeinama mlangoni kila alipokuja kumwamkia, aliitwa mzigo. Kanuni hiyo niliijua wiki ile ile niliyoolewa mtaani, ndiyo maana iliniudhi sana kwamba mimi aliniita mzuri. Mzuri, umeamka? Mzuri, una kibiriti? Wanawake bombani walisikia na walijua maana yake, wakaificha midomo kwa leso. Miaka yote ile sikupata hata ubaya wa mbuzi.

Mwanawe alimjengea nyumba ya bloku, mabati ya buluu, vigae sakafuni, madirisha ya vioo. Jirani alishukuru, akalia machozi ya kweli, akaingia akaikagua chumba kwa chumba. Kisha akatoka, akaingiza ndama. Ndama wale walilala juu ya vigae kama mabalozi. Yeye mwenyewe alijijengea uani kama mama zake walivyojenga: fito zikapindwa zikafungwa, juu zikavikwa mikeka aliyoisuka kwa mkono wake kwa miyaa, yale majani makavu ya mkoma. Siku ya kwanza niliingia humo kutafuta makosa. Hapakuwa na kitu kilichotundikwa cha kutazamwa tu. Vibuyu vya maziwa, kitanda, maji, taa. Ilhali, na hapa nasema kweli ingawa inanikwama, hapakuwa na kitu ambacho ungetaka kukisogeza hata kwa upana wa kidole. Nilirudi kwangu nikamwambia mume wangu kwamba jirani anaishi kwenye stoo. Akaniuliza ni kitu gani kilichoniweka stoo kwa saa mbili.

Na alikuwa na mambo yasiyopatana. Mapambo aliyaita uongo wa ukuta, lakini kitambaa chake cha kichwani kilikuwa cha rangi ya machungwa iliyoweza kusimamisha basi la Lamu likiwa kwenye mwendo. Chai yangu aliikataa kwa kuwa ati ina maneno mengi, yaani iliki na tangawizi, lakini kila asubuhi alituletea maziwa na hakukubali chombo kirudi na kitu ndani. Alisema siri za mtaa mzima, nani kauza ng'ombe tasa kwa nani, nani kamficha mkwewe nini. Na jambo moja alilopaswa kuniambia mimi, alilimeza. Nitalifikia.

Sasa mnijue mimi kazi yangu. Nauza mapazia, mashuka na neti karibu na steji, pale yanaposimama magari ya Malindi. Garsen hii, aliye na pazia ama kalinunua kwangu ama analijutia. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba Saumu anarudi, sikumwuliza mtu namna ya kupamba chumba. Samaki haulizi njia ya majini.

Saumu ni binti wa mume wangu na mke wake wa kwanza, ambaye alifariki. Baada ya msiba msichana alilelewa na bibi yake mzaa mama, Kipini, kwa miaka miwili. Bibi alipoishiwa nguvu, wajomba walikutana wakasema: aende kwa baba yake mpaka shule zifungwe mwisho wa mwaka. Akitulia, akae. Asipotulia, mjomba mmojawapo atamchukua moja kwa moja. Mume wangu ni fundi wa pikipiki, mtu anayeamini kila kitu kitawaka ukikipa muda. Lakini siku zile nilimkuta gereji ameshika spana, pikipiki hakuna, anaigeuza tu mkononi. Nikaapa mtoto huyu atatulia hata ikibidi nimpigilie misumari.

Angelala chumba kimoja na Habiba, binti yangu niliyekuja naye kutoka ndoa ya kwanza, wakati huo ana miaka sita. Chumba chenyewe zamani kilikuwa cha mama yake Saumu, na tangu nihamie kilikuwa cha marobota yangu ya vitambaa. Nikayatoa, nikanunua rangi. Waridi. Waridi ya kuonekana kutoka Nanighi na macho umefumba. Nilikuwa nimeona kwenye simu vyumba vya watoto wa kifalme, nikachukua mtindo huo wote bila kubakisha: neti yenye lesi, pazia la tabaka tatu, vipepeo vya stika, mito miwili yenye umbo la moyo.

Ukutani palikuwa na mstari wa mafuriko. Anayeishi na mto huu anaujua: mshipi wa tope la kahawia, ule wetu ulifika kifuani mwa mtu mzima, unaoonyesha maji yalikaa wapi. Kila mwenye akili, ukuta ukikauka tu, anaupaka rangi. Hutaki mgeni aone nyumba yako ilivyowahi kuvuliwa nguo. Nyuma ya mlango palikuwa pia na mikwaruzo kama ya msumari. Nikadhani ni ya kabati lililohamishwa. Nikapaka mkono wa kwanza, wa pili, na wa tatu kwa hasira.

Jirani alifika na maziwa, akasimama kizingitini. Aliitazama brashi yangu kwa muda. Akasema, "Wewe iko haraka." Nikamwambia mgeni anakuja. Akachungulia nyuma ya mlango, taratibu, kama mtu anayemtafuta mbuzi wake kwenye zizi la mwenzake. Kisha akasema, "Mzuri sana."

Maana yake mnaijua. Lakini siku ile nilijiambia ni husuda tu inamsumbua bibi wa watu, na husuda yake ilinifurahisha hivi kwamba nikapaka na dari.

Saumu alishuka na begi moja la zipu, mrefu, mwembamba, na Kiswahili cha Kipini kilichonifanya nitamani kukirudisha cheti changu. Aliniamkia kwa adabu, akaingia chumbani, akatazama pazia la tabaka tatu, akasema ahsante, anti. Kisha akausukuma mlango akatazama nyuma yake. Alikaa hapo muda wa kuchemsha chai. Akaweka begi kitandani na hakulifungua.

Yaani alilifungua, alitoa gauni, akavaa, akafua, akapiga pasi, akalirudisha, akavuta zipu. Wiki baada ya wiki. Alilala begi likiwa miguuni kama abiria aliyeambiwa gari litapita wakati wowote. Habiba alilalamika kwamba analala na mtu wa steji.

Nikasema basi, waridi imekuwa nyingi. Nikajaribu mtindo wa mbingu, mawingu na nyota za kung'aa gizani. Nikajaribu wa wanyama wa porini, simba kwenye mashuka na twiga kwenye mapazia. Habiba alitaka paka. Paka tu, kila mahali. Nilipomwuliza Saumu anataka mtindo gani alijibu, "Wowote, anti." Nimetukanwa na madereva wa malori ya mchanga, nimetukanwa na wateja waliopimiwa dirisha kombo, lakini hakuna tusi lililonikata kama lile neno wowote.

Na wakati huo huo kila alasiri, akitoka shule, alipita dukani kwangu, akaniamkia vizuri, akaenda zake kwa Jirani. Huko alizungumza. Nilimsikia kupitia ua. Alicheka, tena si kicheko cha adabu, kile cha tumbo. Nikaanza kuwa na shughuli nyingi uani. Shuka moja nililianika mara nne kwa siku moja, mpaka jua lenyewe likaanza kunishangaa. Waliketi chini wakipasua miyaa, Jirani anamfunza kusuka. Kabla wiki ya kwanza haijaisha Saumu alikuwa anamwita nyanya. Mimi niliyempakia hadi dari nilikuwa anti. Na Jirani, nilimsikia kwa masikio yangu, akamwita yeye "hii mbaya yangu". Ningeweza kuutafuna ule ua, miti na misumari yake.

Siku moja nikaenda. Nilikwenda na sauti ya cheti, nikamweleza kwamba mtoto ana nyumba yake, ana chumba kilichopambwa, na kwamba si vyema, aidha si uungwana, mtoto wa watu kushinda kwa jirani. Hakuacha kusuka.

"Nyumba iko," akasema. "Usingizi hapana."

Nikauliza amejuaje. Akasema anatazama macho. Ndipo akanieleza, kwa maneno yake machache, jambo ambalo ilinichukua muda kulipanga kichwani. Kwao, alisema, au angalau kwa mama yake aliyemfunza, nyumba haipambwi ikasubiri mtu. Watu wanalala kwanza. Wanalala patupu, mkeka na blanketi, siku saba. Kile mkono unachokitafuta gizani, asubuhi kinaingizwa. Kisichotafutwa ni mzigo. Usingizi unatangulia, ukuta unafuata, na mimi nilikuwa nimemwoza ukuta kabla sijamwona mume. Toa vyote, akasema.

Nilicheka, nadhani Chewele walisikia. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mume wangu ili tucheke wawili. Hakucheka. Akasema sentensi yake ndefu kuliko zote za mwaka ule: nijaribu, kwa sababu shule zinafungwa baada ya wiki tatu na wajomba watapiga simu.

Tukatoa. Niseme nilitoa, kwa sababu Jirani aliketi mlangoni akaelekeza kwa kidevu. Vipepeo, mioyo, twiga, neti, vitanda. Zikabaki kuta za waridi, zimekodoa. Akaleta mikeka miwili mipya. Urefu wake alikuwa ameupata kwa kuwalaza wasichana mavumbini na kuchora mstari kwa kisigino penye unyayo. Nikahesabu siku kichwani nikagundua kwamba mikeka ile ilianza kusukwa muda mrefu kabla sijakubali. Mwanamke huyu alikuwa na uhakika na mimi, na hilo nalo liliniuma.

Kila asubuhi kila msichana alitaja kitu kimoja. Habiba asubuhi ya kwanza alitaja mto, taa, paka na biskuti. Jirani akapitisha taa. Saumu hakutaja kitu. Asubuhi ya pili, hakutaja. Ya tatu aliomba msumari, akaupigilia ukutani mwenyewe, akalitundika begi lake. Nikamnong'oneza mume wangu kwamba tunasonga. Asubuhi ya nne akaniambia, kwa upole wake ule, "Naomba kijiko, anti."

Furaha niliyoipata. Nilidhani mtoto ameanza kutafuta chakula usiku, na chakula ni mimi. Nikampa kijiko cha seti ya wageni, kile ambacho hata mkwe wangu hajakilia. Nikaenda dukani nikiimba.

Niliporudi mchana niliona maganda ya waridi sakafuni kama mtu amemenya viazi. Saumu alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango, anakwangua ukuta wangu kwa kijiko cha wageni. Alinitazama, hakuacha. Nilihitaji mtu wa saizi yangu. Nikatoka mbio mpaka uani kwa Jirani nikamwambia aje aone matunda ya mafunzo yake, mtoto anaivunja nyumba.

Sikuwahi kumwona mwanamke yule akisimama haraka. Siku ile alisimama kabla sijamaliza. Akanishika kifundo cha mkono, akanieleza pale pale juani.

Mafuriko ya kwanza yaliyoingia mle ndani, yalipotoka, mama yake Saumu alimsimamisha binti yake nyuma ya mlango akachora kwa msumari kichwa chake kilipofika. Alichora pia maji yalipofika. Mtoto alikuwa chini kabisa. Mafuriko mengine yalipokuja na kuondoka, akamsimamisha tena, akachora tena. Alikuwa anapima kama mtoto anayapita maji.

"Maji iko pale pale," Jirani akasema. "Mtoto napanda."

Mara ya mwisho, miezi michache kabla ya kufariki, kichwa kilikuwa juu ya mstari. Yule mama alikuja mbio kwa Jirani na msumari bado mkononi, akamwambia sasa haogopi tena.

Nilisimama pale na mkono wangu mkononi mwake. Wivu nilioujua ulikuwa wa mtu mmoja. Sasa walikuwa wawili, na mmoja hata hayupo nimnunie. Nikamwuliza Jirani kwa nini hakuniambia siku ile, brashi ikiwa mkononi mwangu, ukuta bado una mahali pakavu. Akaniachia.

"Wewe ulikuwa nafurahi," akasema. "Na ile si yangu. Iko ya yule mama, iko ya mtoto. Mimi jirani tu."

Jibu hilo nimelitafuna miaka. Siku nyingine naliona heshima, siku nyingine naliona ukatili wa bibi aliyetaka nipake ili nikosee. Mpaka leo sijaamua.

Nilirudi nikachukua kijiko cha pili, kile kilichopinda. Nikachuchumaa. Saumu alisogea kidogo kunipa nafasi, kama wanavyosogea abiria wanaojua wote wanakwenda mbali. Tulikwangua. Rangi yangu ilishika vizuri, hilo lazima nijisifu, ilitutoa jasho. Mikwaruzo ikaanza kuonekana, waridi imebaki ndani yake kama ufizi. Mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha mstari wenyewe wa tope. Saumu alipitisha kidole kwenye mkwaruzo wa juu na hakulia. Mimi nililia kidogo, kama ndoo moja hivi.

Habiba akaja na uma kusaidia. Aliona kichwa cha dada yake kimechorwa, akataka na chake. Akajibandika ukutani, akanyoosha shingo, akapima kwa kiganja. Kiganja kikaangukia chini ya mstari. Akakitazama, akageuka.

"Maji yakija, mimi nitazama?"

Nilifungua mdomo na elimu yangu yote. Saumu akaniwahi.

"Huzami," Saumu akasema. "Mimi nimeyapita. Nitakubeba mabegani."

Alilisema kama anayetaja saa ya gari. Kisha akanyoosha mkono akaung'oa ule msumari ukutani, begi likaanguka chini, akamwambia mdogo wake asimame wima asidanganye na vidole vya miguu, akamchora. Begi lilikaa sakafuni mpaka jioni. Niliporudi kulitazama lilikuwa tupu, na nguo zilikuwa kwenye kabati tulilolitoa ukumbini, pamoja na za Habiba, zimechanganyika hata mimi sikujua ipi ya nani.

Baada ya hapo mtindo haukutuchukua siku mbili. Juu ya mstari ilibaki waridi, kwa ajili ya Habiba. Chini ya mstari walipaka rangi ya udongo, na mstari wenyewe haukuguswa. Paka mmoja aliruhusiwa. Mikeka ya Jirani ikatandikwa juu ya vitanda. Katika mapazia yangu yote lilirudi moja, na hilo Jirani alilikata katikati bila kuniuliza, akalitundika baina ya vitanda viwili, limefungwa juu kwa kamba ya ukili, ili anayetaka kuwa peke yake alishushe. Lilishushwa mara moja tu ninayoikumbuka, ugomvi wa kalamu, likapandishwa kabla ya chakula.

Wanawake wa mtaa walikuja kutazama, wengine wakaja na waume zao. Kila aliyeuliza nani amekipamba alijibiwa na wasichana wote wawili kwa sauti moja: nyanya. Mimi nilisimama pale na futi yangu ya kupimia madirisha. Wajomba walipopiga simu, Saumu aliwaambia anabaki. Walimwuliza sababu. Akaitaja, nilimwona midomo ikienda, lakini sikuisikia, kwa sababu nilikuwa jikoni, na aliyekuwa ameketi kando yake akasikia kila neno ni nani kama si Jirani. Nilimwuliza siku hiyo mtoto alisema nini. Akanijibu, "Mzuri, uliza yeye." Sijauliza.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mwaka jana mwana wa Jirani alihamia upande wa Bura na mifugo, akamchukua mama yake. Nyumba ya mikeka ilifunguliwa fito kwa fito ikapakiwa. Ya bloku ikaachiwa mpangaji, ambaye alishinda wiki nzima akisugua vigae. Nilidhani nitapumua. Badala yake nilijikuta naanika mashuka nikitega sikio, upande wa pili kimya.

Shule zilipofungwa tulikwenda kumwona, karibu na Chewele: mimi, mume wangu na Saumu. Habiba alikuwa na mafua, tukamwacha kwa dada yangu. Tulimkuta Jirani ameketi mlangoni. Macho yalikuwa yameingia ukungu mweupe, na alitutambua kwa nyayo. Mkwewe yuko na ng'ombe mchana kutwa, mwanawe yuko njiani siku zote. Ndani alikuwa amekwisha kutandika mkeka mpya, na maziwa ya mgeni yalikuwa pembeni. Hakuzunguka. Hakuniomba mimi, wala baba. Alimshika Saumu, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu na amempita kimo, akamwambia akae naye. Likizo yote.

Nilisubiri. Ningeruhusu, mimi ni mtu niliyesoma.

Saumu aliupapasa ule mkono wa kizee.

"Siwezi, nyanya," akasema. "Habiba hawezi kulala peke yake."

Habiba analala kama gunia la mchele. Anaweza kulala peke yake juu ya kinu kinachosaga. Mume wangu alikohoa akatazama nje. Mimi niliyafikiria yale maneno, nikaona kwamba sikutajwa humo, wala nyumba yangu, wala pazia, na wivu ukanipanda moja kwa moja juu ya mtoto wangu mwenyewe wa miaka tisa mwenye mafua.

Jirani alianza kuunyoosha mkeka ambao ulikuwa umenyooka tayari. Mwingine angesema ni uzee au ni macho. Mimi uso ule naujua. Nimeuvaa miaka mitatu, nimeufua, nimeupiga pasi. Siku zote zile uani niliomba Mungu anijalie kuuona kwake walau mara moja, na nilikuwa nimejiahidi siku hiyo nitachinja mbuzi. Sasa uko mbele yangu, na sikuona hamu hata ya kifaranga.

"Nitakaa mimi," nikasema.

Mume wangu alinigeukia kama pikipiki imezungumza. Jirani alielekeza uso kwenye sauti yangu kwa muda, kama anayekagua ng'ombe aliyeletwa jioni, soko limekwisha.

"Wewe nakoroma," akasema.

Nikamwambia sijakoroma maisha yangu yote. Akasema alinisikia kupitia ua tangu nilipoolewa, na ndama walikuwa wanaamka. Saumu alicheka kile kicheko cha tumbo, nami nikiwa chumba kimoja naye. Kisha yeye na baba yake wakaondoka na gari la alasiri.

Nilichota maji. Nilimtungia uzi kwenye sindano. Nilipika chai akaikataa, nikaipika bila iliki akaionja akaikataa vile vile. Aliniambia nageuza mkeka upande usiofaa, nafagia kama ninayemfukuza mtu, nasema maneno mengi. Usiku aliniuliza habari za wasichana, kitu kimoja kimoja, nami nikamsimulia nikiongeza chumvi kidogo.

Siku ya nane mume wangu alipiga simu kuuliza narudi lini. Kabla sijapata jibu, mkono wa Jirani ulipapasa mpaka ukaipata simu sikioni mwangu, ukaichukua.

"Bado," akamwambia, akakata.